Maboresho ya blokcheni: je, yanamjali anayejenga programu juu yake?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msanidi programu, ninaishi Kyela mkoani Mbeya. Pamoja na wenzangu wawili tunatengeneza mfumo wa kufuatilia kakao tangu shambani kwa mkulima hadi kwenye ghala la stakabadhi, kwa ajili ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbili za huku. Tumeandika mkataba janja, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye blokcheni, kwa lugha ya Solidity: kila mzigo unapopimwa karani anauandikisha kwa simu, na mkataba unamrudishia gharama ya muamala kwenye pochi yake ya kidijitali. Kila baada ya miezi kadhaa ninasikia kwamba Ethereum, yaani blokcheni tunayoitumia (daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja), imebadilishwa tena. Je, mabadiliko haya na namna yanavyoamuliwa yanatusaidia sisi tunaojenga programu, au yanafanywa kwa ajili ya wenye sarafu na wenye mitambo? Tuendelee kujenga, au tusubiri mambo yatulie?

Jibu: Marahaba. Umeuliza kana kwamba swali ni moja, lakini ndani yake mna maswali mawili ambayo majibu yake hayafanani. La kwanza ni kama mabadiliko yenyewe yanakufaa. La pili ni kama utaratibu wa kuyaamua unakusikiliza. Kwa la kwanza, naona kwamba katika miaka ya karibuni yamekufaa kuliko unavyodhani, hasa katika gharama. Kwa la pili, utaratibu huo haukukatazi kusema, ila haukuiti; na msanidi mdogo mara nyingi hupata habari akiwa amekwisha kuathirika. Nitajikita kwenye Ethereum kwa kuwa ndiko mkataba wenu ulikoandikiwa, na mitandao mingine nitaigusa pale tu inapotoa mwanga.

Tuanze na nani anaamua. Ethereum, iliyoanza kufanya kazi tarehe 30 Julai 2015, haina bodi wala sanduku la kura. Pendekezo la kubadilisha itifaki, yaani kanuni za msingi za mtandao, huandikwa kama waraka wenye namba, ndizo hizo EIP unazozisikia, kisha hujadiliwa kwa miezi na wakati mwingine kwa miaka katika mikutano ya wazi ya mtandaoni, ambayo hufanyika Alhamisi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Wenye uzito humo ni timu zinazoandika programu za nodi, yaani kompyuta zinazoendesha mtandao: Geth, Nethermind, Besu na Erigon kwa upande wa kutekeleza miamala, Prysm, Lighthouse, Nimbus, Lodestar na Teku (isichanganywe na chuo kikuu chetu cha hapa Mbeya) kwa upande wa makubaliano. Timu hizi hazihesabu kura. Hutafuta mwafaka, na pingamizi zito la timu moja linaweza kulikwamisha pendekezo. Baada ya hapo kila mwenye nodi duniani anaamua mwenyewe kuipakua programu mpya au kuikataa, na uamuzi huo si wa jina tu. Mwezi Juni 2016 mtu alitumia udhaifu katika mkataba ulioitwa The DAO akahamisha etha (sarafu ya Ethereum) takriban milioni 3.6, tarehe 20 Julai mwaka huo itifaki ilibadilishwa ili fedha zirudi kwa wenyewe, na waliokataa badiliko hilo wakabaki na mnyororo wa zamani, ambao hadi leo unaitwa Ethereum Classic.

Ukitazama orodha hiyo ya wanaozungumza utaona kwamba msanidi wa programu za watumiaji hayumo kwa cheo. Yumo kama anayefikiriwa. Wanaomfikiria wengi wao wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa, lakini kufikiriwa na kuwepo ni mambo mawili, na tofauti yake huonekana siku msimbo unapoacha kufanya kazi.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa kulieleza hili ni namba moja: 2,300. Kila amri katika Ethereum ina bei yake inayohesabiwa kwa gesi, yaani kipimo cha kazi ambayo mtandao unaifanya. Mkataba unapotuma etha kwa amri ya transfer ya Solidity, mpokeaji hupewa gesi 2,300 tu. Kiasi hicho kilitosha kuandika kumbukumbu fupi ya tukio, lakini hakikutosha kubadilisha chochote katika hifadhi, yaani kumbukumbu za kudumu za mkataba. Baada ya janga la The DAO, wasanidi walishauriwa kutumia transfer kwa sababu hiyo hasa, ili mpokeaji mwenye nia mbaya asipate nguvu ya kurudi mlangoni na kuchota tena kabla hesabu haijafungwa. Ushauri huo ulifundishwa kila mahali, nami niliufundisha.

Mwanzoni mwa 2019 yakaandaliwa maboresho yaliyoitwa Constantinople, ambayo ndani yake kulikuwa na EIP-1283 iliyoshusha bei ya kuandika kwenye hifadhi katika hali fulani. Nafuu hiyo ilikuwa kwa ajili ya wasanidi moja kwa moja. Lakini tarehe 15 Januari, zikiwa zimebaki chini ya siku mbili maboresho yawashwe, kampuni ya ukaguzi ya ChainSecurity ilionyesha kwamba kwa bei hiyo mpya gesi 2,300 ingetosha kubadilisha hifadhi, na mikataba iliyokuwa salama jana ingekuwa wazi kesho. Timu zikakubaliana kuahirisha ndani ya saa chache, na maboresho yakaja kuwashwa tarehe 28 Februari 2019 bila EIP hiyo kufanya kazi. Kisha tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, katika maboresho ya Istanbul, EIP-1884 ikaja na kinyume chake: bei ya kusoma hifadhi ilipanda kutoka gesi 200 hadi 800. Safari hii mikataba iliyokuwa ikisoma hifadhi yake wakati wa kupokea fedha, ikiwemo ya mfumo wa Aragon, ilijikuta haiwezi tena kupokea kilichotumwa kwa transfer, kwa kuwa 2,300 haikutosha. Bei iliposhushwa usalama ulitikisika. Ilipopandishwa, kazi ilisimama. Wakaguzi wa usalama wakawaambia wasanidi waache kutumia transfer, yaani kile kilekile walichokuwa wameambiwa wakitumie.

Fuatilia bei ya kusoma hifadhi peke yake: ilianza gesi 50, ikawa 200 Oktoba 2016, ikawa 800 Desemba 2019, na tangu maboresho ya Berlin ya tarehe 15 Aprili 2021 kusoma kwa mara ya kwanza ndani ya muamala ni 2,100. Mkulima wa viazi wa milima ya Uporoto akisikia habari hii atakumbuka lumbesa: gunia ni lilelile kwa jina, lakini kipimo kimeongezwa. Haki inanilazimu kuitaja tofauti. Lumbesa humnufaisha mnunuzi, ilhali bei ya kusoma hifadhi ilipandishwa kwa sababu hifadhi ya Ethereum ilikuwa inakua, diski za nodi zilikuwa zinachoka, na mwaka 2016 washambuliaji walikwisha kuutumia upungufu wa bei kama huo kujaza mtandao kwa amri nafuu kwa gesi lakini nzito kwa mashine. Kama bei zingebaki palepale, mtandao wenyewe ungekuwa hatarini, na programu yako pamoja nao.

Kwa hiyo sioni nia mbaya katika kisa hiki. Ninachokiona ni kutoelewana ambako hakukuandikwa popote: aliyeandika itifaki aliihesabu gesi kuwa ni bei, na bei hubadilika, aliyeandika mkataba aliihesabu kuwa ni ahadi, na ahadi haivunjwi. Mkataba uliokwisha kuwekwa kwenye mnyororo hauhaririwi, hivyo anayelipia kutoelewana huko ni msanidi na watu waliomwamini. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu katika mijadala mingi msanidi huchukuliwa kama mtu anayeomba amri mpya na uwezo mpya. Kwa uzoefu wangu, anachohitaji kuliko vyote ni kujua kitu gani katika alichokwisha kukijenga hakitaguswa. Timu za nodi zilijifunza kwa kiasi fulani, kwani bei ilipopanda tena kule Berlin, EIP-2930 iliwekwa pamoja nayo ili muamala uweze kutaja mapema sehemu za hifadhi utakazosoma na kulipia kusoma huko kabla, na hivyo mikataba ambayo ingekwama ikapata njia ya kufanya kazi.

Mara nyingine maumivu hayatoki kwenye itifaki yenyewe bali kwenye mwendo usiolingana wa wanaoifuata. Tarehe 12 Aprili 2023 maboresho ya Shapella yaliongeza amri ndogo iitwayo PUSH0, na mwezi uliofuata kompaila ya Solidity (chombo kinachogeuza msimbo kuwa amri ambazo mtandao unazielewa), toleo la 0.8.20, ikaanza kuitumia bila kumuuliza mtu. Mitandao kadhaa ya tabaka la pili, ile inayojumlisha miamala na kuipeleka Ethereum kwa pamoja, ilikuwa bado haiijui amri hiyo. Nilikaa siku mbili hapa Mbeya mjini na vijana waliokuwa wakiandaa mradi wao, tukitafuta kosa katika msimbo usiokuwa na kosa, huku kila jaribio la kuuweka mkataba likikataliwa kwa ujumbe usioeleza kitu. Mstari mmoja katika faili la mipangilio, unaoiambia kompaila itoe msimbo wa toleo la Paris, yaani la Ethereum ya kabla ya Shapella, ndio uliomaliza shida. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalielewa jambo hili kwa reli: TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, kwa hiyo behewa zima, lisilo na hitilafu yoyote, hulazimika kufaulisha mzigo Kidatu. Behewa lako linaweza kuwa zuri. Uliza kwanza upana wa reli.

Sasa niyataje yaliyofanywa vizuri, maana yapo. Amri ya SELFDESTRUCT, iliyomwezesha mtu kuufuta mkataba, ilikuwa inawazuia watafiti kuboresha hifadhi. Badala ya kuibadilisha ghafla, Shapella ilitoa tangazo rasmi la tahadhari kupitia EIP-6049, na nguvu zake zikapunguzwa karibu mwaka mzima baadaye, katika maboresho ya Dencun ya tarehe 13 Machi 2024. Tahadhari, muda, kisha utekelezaji: hivyo ndivyo ningependa kila badiliko linalogusa mikataba ya zamani lifanywe.

Dencun hiyohiyo ilileta EIP-4844, yaani nafasi maalumu ya data iitwayo blobu, na ada za mitandao mingi ya tabaka la pili zikashuka kwa kiasi kikubwa karibu mara moja. Kuandikisha mzigo wa kakao kwa muamala wake wenyewe, jambo ambalo mwaka 2021 lingegharimu zaidi ya ambacho AMCOS yoyote ingekubali, sasa linawezekana. Tarehe 7 Mei 2025 maboresho ya Pectra yaliongeza nafasi hiyo, kutoka blobu sita kwa juu kabisa hadi tisa katika kila bloku (fungu la miamala). Lakini angalia nani aliisukuma EIP-4844: wahandisi wa kampuni zenye mitandao hiyo, wakiwemo wa Optimism na Coinbase, walikaa na watafiti na kuandika msimbo wake wenyewe. Haja ya wasanidi ilitimizwa kwa sababu wapo wasanidi waliokuwa na mishahara ya kukaa mezani miaka miwili.

Hapa kuna tahadhari moja inayohusu mfumo wenu moja kwa moja. Blobu hutunzwa na nodi kwa takriban siku 18 tu, kisha huachwa. Vilevile, tangu Julai 2025 programu za nodi zinaweza kuacha kutunza bloku na miamala ya kabla ya tarehe 15 Septemba 2022, siku Ethereum ilipohamia mfumo wa wathibitishaji. Yote mawili ni maamuzi ya busara kwa wenye nodi, lakini yanapingana na sentensi ambayo huenda mmewaambia viongozi wa AMCOS, kwamba kilichoandikwa kwenye blokcheni kinapatikana milele kwa yeyote. Hali ya sasa ya hifadhi ya mkataba inabaki. Historia na data ya pembeni ni wajibu wenu kuitunza. Wekeni kumbukumbu kamili za mizani kwenye hifadhidata yenu na nakala zake, na kwenye mnyororo wekeni heshi tu ya kila kumbukumbu, yaani alama fupi ya kuihakikishia. Majina ya wakulima na ramani za mashamba yao zisiende huko kabisa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na kisichofutika hakiendani na haki hiyo.

Je, kuna wakati ambapo wajenzi wa programu waligeuza uamuzi uliokwisha kufanyika? Upo, na ni wa karibuni. Aprili 2024 timu za nodi zilikubali kuingiza EIP-3074 katika Pectra, badiliko ambalo lingeiruhusu pochi ya kawaida kukabidhi madaraka yake kwa mkataba. Watu waliokuwa wakijenga pochi juu ya kiwango cha ERC-4337, kinachoifanya pochi iendeshwe na mkataba janja, walipinga, wakieleza kwamba njia hiyo ingeanzisha mfumo wa pili usiopatana na kile walichokuwa wamekwisha kukijenga. Hawakuishia kulalamika, walionyesha mahali hasa ambapo mifumo hiyo miwili ingegongana. Tarehe 7 Mei 2024 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, na wenzake wakaweka pendekezo jipya, EIP-7702, lililokidhi haja ya pande zote mbili, likachukua nafasi ya lile la kwanza, na likawashwa mwaka mmoja kamili baadaye. Matunda yake yanafika hadi Kyela: sasa chama kinaweza kumlipia karani gharama ya muamala bila karani huyo kumiliki etha hata kidogo.

Katika maboresho ya Fusaka ya tarehe 3 Desemba 2025 iliongezwa pia EIP-7951, inayouwezesha mkataba kuhakiki kwa bei nafuu saini ya aina ya P-256, ambayo simu janja nyingi huitoa ndani ya sehemu yake salama. Kwa karani anayefungua simu kwa alama ya kidole na asiyejua kutunza maneno kumi na mawili ya siri, hili ni kubwa kuliko mengi yaliyotangazwa kwa kelele zaidi.

Yapo pia yaliyoombwa yasipatikane. Tangu Novemba 2016 msimbo wa mkataba mmoja hauruhusiwi kuzidi baiti 24,576, na kwa miaka yote hiyo wasanidi wamekuwa wakikata mikataba yao vipande na kuiunganisha kwa mbinu zinazoongeza hatari. Hata Fusaka ilipita bila kukigusa kikomo hicho. Mpango mkubwa wa kupanga upya muundo wa msimbo, ulioitwa EOF, uliondolewa katika maboresho ya 2023, ukapangwa tena, ukasogezwa, na Aprili 2025 ukaondolewa katika Fusaka baada ya mabishano makali. Binafsi niliona kuondolewa kwake kuwa sahihi, maana faida yake kwa msanidi wa kawaida ilikuwa ndogo kulingana na uzito ambao kila timu ya nodi ingeubeba. Kilichonisikitisha ni kwamba hoja nyingi za wasanidi zilifika mezani kazi ya miaka kadhaa ikiwa imekwisha kufanywa.

Utasikia wengine wakisema dawa ya haya yote ni kura. Tezos imekuwa ikibadilisha itifaki yake kwa kura tangu 2019, Polkadot inafanya hivyo, na Cardano imeelekea huko. Faida ipo: utaratibu umeandikwa, tarehe zinajulikana, na hakuna haja ya kubahatisha mwafaka. Lakini kura huko huhesabiwa kwa wingi wa sarafu. Katika mkutano mkuu wa AMCOS yenu, mwanachama aliyeleta magunia mawili na aliyeleta mia mbili wote wana kura moja moja. Ndiyo kanuni ya ushirika. Katika kura ya tokeni, magunia ndiyo yanayopiga kura. Msanidi ambaye mali yake yote ni msimbo na watumiaji wake hana gunia hata moja. Isitoshe, kura inaweza kuja baada ya jambo kufanyika: mwaka 2023 wenye tokeni za Arbitrum waliombwa kupitisha pendekezo lililoipa taasisi yake tokeni milioni 750, kisha ikajulikana kwamba sehemu ya tokeni hizo ilikwisha kutumika, na kura ile ilielezwa kuwa ya kuridhia tu. Malalamiko yalifanya pendekezo livunjwe na kuandikwa upya, jambo la kupongezwa, lakini linaonyesha kwamba kisanduku cha kura peke yake hakimhakikishii mtu kusikilizwa.

Kwa kuwa gharama zitawapeleka kwenye tabaka la pili, jueni kwamba huko mna watawala wawili: wa Ethereum na wa mtandao wenyewe. Ulizeni swali moja kabla ya yote: nani ana funguo za kubadilisha mikataba mikuu ya mtandao huo, na je, kuna siku za kusubiri kati ya uamuzi na utekelezaji ili mtu aweze kuondoka? Arbitrum, kwa mfano, ina baraza la usalama la watu 12, na tisa kati yao wanaweza kufanya badiliko la dharura papo hapo. Sisemi ni vibaya. Hitilafu kubwa inapogunduliwa usiku, mtu lazima aweze kuifunga. Nasema jambo hilo liwe limeandikwa katika maelezo mnayowapa viongozi wa vyama.

Huenda mmeambiwa pia mtumie blokcheni ya faragha kama Hyperledger Fabric, ambayo haina ada ya gesi na wanachama wake wanajulikana. Kwa AMCOS mbili, mwendesha ghala na mnunuzi mmoja, si wazo baya, na toleo la 2.0 la Januari 2020 liliboresha utawala kwa kutaka mashirika kadhaa yakubaliane kabla msimbo haujawekwa au kubadilishwa. Lakini usidhani kwamba huko msanidi hasahauliki. Hyperledger Composer, chombo kilichotengenezwa mahsusi kurahisisha kazi ya wajenzi wa programu, kilisitishwa Agosti 2019, na waliokuwa wamekijengea mifumo yao walilazimika kuandika upya.

Sasa niseme mfanye nini. Msisubiri, kwa kuwa itifaki hai haitatulia kwa maana unayoitaka, na kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji misitu, ambayo nadhani ndiyo inayowasukuma wanunuzi wenu, inataka mahali shamba lilipo na uthibitisho kwamba msitu haukukatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Haitaji blokcheni popote, wala toleo la Ethereum. Kusanyeni taarifa hizo vizuri kwanza.

Msiweke anwani za mtandao wa majaribio ndani ya msimbo, maana mitandao hiyo hufa: Ropsten na Rinkeby zilifungwa, Goerli ikafuata, na Februari 2025 Holesky ilivurugika wakati Pectra ikijaribiwa juu yake hadi ikabidi mtandao mpya wa Hoodi uanzishwe mwezi uliofuata. Andikeni hati ya kuuweka mkataba upya kwa amri moja, na muijaribu kila mwezi.

Kuhusu kusikilizwa, msianzie kwenye itifaki. Haja nyingi za wasanidi zimetimizwa na wasanidi wenyewe kupitia viwango vya ERC, yaani makubaliano ya namna ya kuandika mikataba, ambavyo havihitaji ruhusa ya timu ya nodi yoyote. ERC-20, kiwango cha kutengeneza tokeni kilichopendekezwa Novemba 2015, haikubadilisha hata mstari mmoja wa itifaki, na ERC-4337 ilianza kutumika Machi 2023 kwa njia hiyohiyo. Pale ambapo badiliko la itifaki litawagusa kweli, leteni ushahidi: mkataba gani, amri ipi, gesi kiasi gani kabla na baada, watumiaji wangapi. EIP zinazofikiriwa kwa maboresho yajayo hutajwa hadharani miezi mingi kabla. Mmoja wenu watatu apewe kazi ya kuzisoma mara moja kwa mwezi, na atafute maneno mawili tu, bei ya gesi na amri inayoondolewa. Mengine yanaweza kungoja.

Mwisho, mkataba wenu wenyewe. Umesema unamrudishia karani gharama ya muamala kwenye pochi yake. Kama mmefanya hivyo kwa transfer, hapo ndipo kisa cha 2,300 kinapowahusu. Hadi Mei 2025 pochi ya karani ilikuwa tupu kwa upande wa msimbo, na gesi hiyo ilitosha daima. Tangu EIP-7702, pochi ya kawaida inaweza kubeba msimbo, na karani akisasisha programu ya pochi yake, malipo yenu yanaweza kuanza kukwama bila ninyi kugusa kitu. Tumieni amri ya call badala yake, hakikisheni hesabu inafungwa kabla fedha hazijatoka, na kagueni jibu la kila malipo. Au bora zaidi, ondoeni kabisa sehemu hiyo, na chama kilipie muamala moja kwa moja. Mkichagua njia hii ya pili, nitumieni msimbo kabla ya kuuweka kwenye mtandao mkuu. Kikomo cha kiasi ambacho karani mmoja anaweza kulipiwa kwa siku kinahitaji kuandikwa kwa uangalifu, nami nitausoma mstari kwa mstari.